Neno la Kwanza kwa Binti Mjamzito: Somo la Heshima na Ujuzi katika Ushauri Nasaha

Katika somo hili tunazungumzia jambo ambalo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona uani au kwa kelele barazani, na ni mara chache husemwa inavyostahili: namna ya kumpokea na kumshauri msichana aliyepata mimba kabla ya kutimiza miaka 18. Tumelichagua kwa sababu msaada wote anaoweza kuupata binti huyo, wa tabibu, wa sheria na wa shule, hupitia mlango mmoja, nao ni kinywa cha mtu wa kwanza atakayeipokea habari yake. Mlango huo ukifungwa kwa matusi, mingine yote huwa migumu kufunguka.

Nyumba mbili

Tuanze na mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Haumhusu mtu yeyote. Msichana wa miaka 16 anasoma shule ya sekondari, na jioni humsaidia mama yake kuuza mchele sokoni. Miezi mitatu sasa hajaona siku zake. Mama yake amekwisha kutambua.

Katika nyumba ya kwanza, baba anapandisha sauti hadi majirani wanakusanyika. Wajomba wanaitwa. Binti anasimamishwa katikati ya watu wazima kumi na kuulizwa: «Ni nani?» Ananyamaza. Anaulizwa tena, safari hii kwa fimbo. Kwa hofu anataja jina la kijana wa jirani ambaye hana hatia. Mtu mzima aliyehusika kwa kweli anasikia kelele zile kutoka upande wa pili wa njia, na kabla ya alfajiri amekwisha kuvuka mto. Binti anapelekwa kwa shangazi yake mbali na macho ya watu, anaacha shule, na siku anapofika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ina miezi saba.

Katika nyumba ya pili, mama anafunga mlango na kukaa mkekani karibu na binti yake. Anamwambia: «Mwanangu, nimeona. Nimeumia, lakini sikufukuzi. Kesho asubuhi tutakwenda pamoja kituo cha afya.» Usiku ule hamwulizi zaidi. Kesho yake binti anaongea na muuguzi aliyesomea kazi hiyo, ndani ya chumba chenye mlango unaofungwa. Siku ya tatu, kwa hiari yake, anataja jina la aliyemharibia, nalo ni jina la kweli.

Nyumba hizi mbili hazitofautiani kwa mali wala kwa elimu. Zimetofautiana kwa usiku mmoja. Nyumba ya kwanza ilitaka haki, lakini kwa kelele zake yenyewe ikamwonya mkosaji, ikamsingizia asiye na kosa, na ikahatarisha afya ya mtoto wake. Ndiyo maana tunasema kwamba kumheshimu binti huyu si kumdekeza. Heshima ndiyo njia fupi zaidi ya kuufikia ukweli.

Mjamzito huyu ni mtoto

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 inayohusu ulinzi wa mtoto inamtambua mtoto kuwa mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Tumbo likikua, umri haukui nalo. Msichana wa miaka 15 mwenye mimba bado anastahili kila ulinzi aliostahili kabla ya mimba, na sasa anauhitaji zaidi.

Jambo hili si dogo wala si la nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2019-20 ulionyesha kuwa, kati ya kila wasichana 100 wa Rwanda wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 5 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba yao ya kwanza. Msomaji na afikirie madarasa ya shule iliyo karibu naye, aone hesabu hiyo inagusa madawati mangapi.

Bugarama yetu ina mambo yake. Ni bonde lenye joto, mashamba ya mpunga, soko kubwa, malori ya sementi na wasafiri wa nchi tatu. Wako wanaume wanaopita kwa siku mbili na kuondoka. Wako mabinti wanaofanya kazi mashambani na sokoni kwa ujira mdogo, na zawadi ya simu au nauli huweza kuwa mtego. Kuyajua haya humsaidia mshauri asianze na swali la lawama, «Ulikuwa unatafuta nini?», wakati waliomtafuta binti wanajulikana.

Mshauri mwenye ujuzi ni nani?

Huruma ni jambo jema, lakini peke yake haitoshi. Jirani mwema anaweza kumfariji binti, kisha kesho akaisimulia habari yake kisimani. Kiongozi wa dini anaweza kumwombea, lakini asijue dalili za kifafa cha mimba. Ushauri nasaha ni kazi yenye elimu yake, miiko yake na mipaka yake.

Wenye ujuzi huo tunao. Katika kituo cha afya wako wauguzi na wakunga, na vituo vingi vina chumba maalumu cha vijana. Katika hospitali za wilaya, na hapa Rusizi tunazo mbili, ya Mibilizi na ya Gihundwe, wako madaktari, wataalamu wa saikolojia na maofisa wa ustawi wa jamii. Aidha, kiko kituo cha Isange, jina ambalo kwa Kinyarwanda humkaribisha mtu ajione yuko nyumbani. Kituo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa mwaka 2009 katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru, Kigali, kisha huduma hiyo ikaenezwa katika hospitali za wilaya. Maana yake ni kwamba binti aliyefanyiwa ukatili humkuta daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja, bila malipo, na hatembezwi kutoka ofisi hadi ofisi akirudia aibu yake kwa kila anayeketi nyuma ya meza.

Vijijini wako washauri wa afya wa jamii, na wako Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja katika kila mudugudu. Hawa si mahali pa mwisho pa msaada. Kazi yao ni kumpokea binti vizuri na kumfikisha kwa mtaalamu, wakitunza siri njiani.

Mazungumzo yanavyoendeshwa

Yafuatayo ni mambo ambayo mshauri mzuri huyafanya. Tunayaeleza ili wazazi nao wayajue, na waweze kutambua kama mtoto wao amehudumiwa inavyotakiwa.

Kwanza, huchagua mahali. Mlango unafungwa, simu inawekwa kando, na hakuna mtu wa tatu ambaye binti hajamkubali. Hata mama huombwa kwa adabu asubiri nje kidogo, kwa sababu yako mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema mbele ya mzazi, hasa ikiwa aliyemharibia ni mtu wa nyumbani.

Pili, hujitambulisha, na husema ukweli kuhusu siri. Hamwambii, «Sitamwambia mtu yeyote kamwe.» Humwambia: «Haya tutakayoongea hayatakwenda mtaani. Lakini wewe ni mtoto, na nikiona uko hatarini itanibidi niwahusishe watu wa kukulinda. Nitakuambia kwanza kabla ya kufanya hivyo.» Ahadi ya uongo hujenga imani ya siku moja tu.

Tatu, husikiliza zaidi kuliko anavyosema. Huuliza maswali yanayofungua: «Niambie ilivyokuwa,» au «Unaogopa nini zaidi?» Hamtangulizii jibu, kwa mfano, «Ni yule mwalimu, sivyo?», maana swali la namna hiyo linaweza kuharibu hata ushahidi mahakamani. Ukimya ukija, huuacha upite.

Nne, huuliza juu ya usalama bila kuzungukazunguka. Je, atakakolala leo ni salama? Je, yupo anayemtishia? Je, amefikiria kujidhuru? Wako wanaodhani kuwa kumwuliza mtu habari ya kujiua ni kumfundisha kufanya hivyo. Sivyo. Swali hilo likiulizwa kwa upole humwondolea mzigo mtu aliyeubeba peke yake.

Tano, hueleza njia zilizopo kwa ukweli wote, bila kumsukuma wala kumficha. Hapo yamo matunzo ya mimba, kulea mtoto kwa msaada wa familia, kurudi shuleni, na haki zake mbele ya sheria. Mshauri huweza kuwa na imani yake moyoni, lakini hana ruhusa ya kumficha binti yale ambayo sheria na tiba zinamwambia. Kifungu cha 125 cha sheria ya makosa na adhabu ya 2018 kinamtaja mtoto mjamzito miongoni mwa wale ambao kutoa mimba kwao hakuhesabiwi kosa, kwa sharti kwamba kazi hiyo ifanywe na daktari anayetambuliwa na kwa taratibu zilizowekwa. Jambo hilo ni la kuzungumza na daktari peke yake. Dawa za vichochoroni na mizizi ya kunywa gizani zimewazika wengi.

Sita, humaliza kwa miadi. Binti huondoka akijua siku atakayorudi, mtu atakayemkuta, na namba ya kupiga ikiwa mambo yatageuka usiku.

Mwili mchanga, hatari kubwa

Shirika la Afya Duniani linayataja matatizo ya ujauzito na uzazi kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Kifafa cha mimba huwapata zaidi mabinti wadogo kuliko wanawake waliokomaa, na watoto wao huzaliwa mara nyingi zaidi kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo. Shirika hilo hilo linapendekeza mjamzito aonane na watoa huduma angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Binti wa nyumba ya kwanza katika mfano wetu alipoteza nafasi kadhaa kati ya hizo kwa sababu ya aibu iliyowekwa juu yake na watu wanaompenda.

Hapa bondeni, penye maji ya mpunga na mbu wengi, mjamzito na alale ndani ya chandarua kila usiku, na homa yoyote ipelekwe kituo cha afya siku ile ile. Dalili hizi nazo hazisubiri asubuhi: kutokwa na damu, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, maji kutoka kabla ya wakati, na mtoto kuacha kucheza tumboni.

Na ikiwa binti amefanyiwa ukatili leo au jana, basi kila saa ina thamani. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi inapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na ya dharura ya kuzuia mimba kabla ya siku 5; zote hufanya kazi vizuri zaidi zikitangulia. Asioge, na nguo alizovaa zisifuliwe, kabla ya kuonwa na daktari.

Sheria na ile inayoitwa «kuyamaliza nyumbani»

Sheria ya 2018, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, inamwadhibu mtu anayemnajisi mtoto kwa kifungo cha miaka 20 hadi 25. Mtoto akiwa na umri chini ya miaka 14, adhabu ni kifungo cha maisha. Na tunawaomba wazee walisome vizuri hili linalofuata: mtu akimnajisi mtoto kisha akaishi naye kama mke, adhabu ni kifungo cha maisha kisichoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kwa hiyo mzazi anayesema, «Na amchukue, amwoe, yaishe,» anamweka binti yake mikononi mwa aliyemdhuru, na wala hamsaidii mwanamume huyo. Umri wa kuoana nchini Rwanda ni miaka 21. Sheria ya watu na familia ya 2024 inaruhusu, kwa sababu maalumu na kwa idhini, aliyetimiza miaka 18. Chini ya hapo hakuna ndoa.

Ng'ombe, fedha au magunia ya mchele yanayopelekwa usiku kwa baba wa binti hayafuti kosa. Ni bei iliyopangwa juu ya mtoto bila ya mtoto kuulizwa.

Sheria hiyo inatambua pia kwamba si kila habari ni ya mtu mzima na mtoto. Watoto wawili waliotimiza miaka 14, wakikutana bila nguvu wala vitisho, hawaadhibiwi. Hao wote wawili wanahitaji ushauri, na kijana wa kiume naye asipigwe wala asifichwe, afundishwe wajibu.

Kazi ya upelelezi ni ya Idara ya Upelelezi, yaani RIB, na sisi polisi tuko kando yake katika kulinda na kuzuia uhalifu. Tunakiri kwamba sare huweza kumtisha mtoto. Kwa sababu hiyo tunasema ushauri utangulie, na maswali ya upelelezi yaulizwe na mtu aliyefundishwa kuongea na watoto, mara chache iwezekanavyo. Ushahidi hautoki kinywani mwa binti peke yake. Upo wa daktari, upo wa simu, na mtoto akizaliwa upo wa vinasaba.

Mpaka si maficho

Ng'ambo ya Mto Rusizi iko Kamanyola, na ng'ambo ya Mto Ruhwa iko Burundi. Tunazoea kuvuka kwa biashara, kwa harusi na kwa mazishi, na undugu huo ni baraka. Lakini wako wanaodhani kwamba anayevuka huliacha kosa lake ukingoni. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina sheria yake ya 2006 dhidi ya ukatili wa kingono na ya 2009 ya kumlinda mtoto, naye mtoto kwao ni yule asiyetimiza miaka 18, kama kwetu. Burundi ilitunga sheria yake dhidi ya ukatili wa kijinsia mwaka 2016. Ripoti ikiletwa mapema, kabla ya mtu kuvuka, kazi huwa nyepesi. Ikichelewa, bado ilete.

Na binti aliyevuka kuja kwetu akiwa mjamzito, awe Mkongomani au Mrundi, kwanza ni mtoto na ni mgonjwa. Asiulizwe vitambulisho kabla ya kuulizwa kama anavuja damu. Ahudumiwe kwa lugha anayoielewa. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na hapa Bugarama kilikuwa lugha ya soko muda mrefu kabla ya hapo; kiwe pia lugha ya faraja.

Baada ya kujifungua

Ushauri hauishii wodi ya wazazi. Tangu 2020, mtoto anayezaliwa hospitalini au kituo cha afya huandikishwa hapo hapo, na mama asiye na mume asikubali kuambiwa kwamba mwanawe hana haki ya cheti kwa kuwa baba hayupo. Binti mwenyewe ana haki ya kurudi darasani au kwenda shule ya ufundi. Jirani zetu wamelitambua hilo: Kenya iliweka mwongozo wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu 1994, na Tanzania Bara iliwafungulia mlango Novemba 2021. Hata hivyo mlango wa shule haufai kitu ikiwa nyumbani hakuna wa kubaki na mtoto mchanga. Hapo ndipo bibi, shangazi na majirani wanapoweza kufanya kubwa kuliko sisi wote: saa chache za kumshika mtoto, kila siku ya masomo.

Maswali ya kujadili

Tunapendekeza maswali haya yajadiliwe katika Umugoroba w'Imiryango, bila kumtaja wala kumdokezea binti yeyote wa mtaa.

1. Binti yangu akiniambia leo kwamba ana mimba, sentensi yangu ya kwanza itakuwa ipi?
2. Katika mudugudu wetu, nani anayeweza kutunza siri, nasi tunajuaje?
3. Ni maneno gani tunayoyatumia kwa mabinti hawa, na je, tunayo ya namna hiyo kwa wanaume waliowapa mimba?
4. Ni nani kati yetu aliye tayari kumlea mtoto mchanga mama yake anapokuwa darasani?

Kwa msaada, namba hizi hupigwa bila malipo: 112 kwa dharura ya polisi, 116 kwa mambo ya watoto, 3512 kwa ukatili wa kijinsia, na 166 kwa RIB. Anayepiga si lazima awe mzazi. Mwalimu, jirani, dereva wa pikipiki au rafiki wa darasani anaweza kupiga, na binti mwenyewe pia.

Mzazi mwenzetu, huenda habari hii ikakufikia jioni, ukiwa umechoka na jua la shambani, na hasira ikakujia kabla ya maneno. Ikiwa hivyo, toka nje, unywe maji, ukae kimya mpaka moyo utulie. Kisha urudi ndani, na ukae karibu naye.